Mikate Isiyochanjwa

Hamira halikuwa jina lake la shule. Mama yake, mwoka mikate, ndiye aliyembandika jina hilo tangu akiwa mdogo, kwa sababu mtoto huyo alikuwa mwepesi wa kuumuka: neno dogo tu, tayari mashavu yamejaa na midomo imevimba. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa nyumbani kwao, hakukosa sababu ya kuumuka kila siku.

Kazi yake ya asubuhi kabla ya shule ilikuwa kuchanja. Mama na Mkandaji, mwanamke mwenye mikono minene aliyefanya kazi hapo tangu tanuri lilipowashwa mara ya kwanza, walikanda unga na kuukata madonge. Madonge yakishaumuka kwenye trei, Hamira alishika wembe na kuchanja kila donge mara tatu kwa juu, kisha trei ikaingizwa tanurini. Michanjo mitatu ndiyo ilikuwa alama yao. Mwoka wa mtaa wa pili alichanja msalaba, na yule wa sokoni alichanja mstari mmoja mrefu. Mwenye macho aliujua mkate wa nani ni upi.

Mikate ikipoa kidogo, Hamira aliipanga kwenye kreti nyuma ya baiskeli na kuizungusha madukani. Nyumba ya mwisho haikuwa duka. Ilikuwa ya shangazi yake, dada wa marehemu baba, na hapo aliacha mikate kumi bila kupokea hata senti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumi tena? Kila siku kumi. Mnanilipa au mnanilisha?"

"Mama amesema..."

"Mama yako anasema sana. Baba yako alipokuwa hoi kitandani mlikuja hapa mnalia, mimi nikauza kiwanja changu nikawapa pesa za hospitali. Leo mnaniletea mikate! Mwambie deni halizikwi na mtu kaburini."

Hamira alimchukia shangazi yake, na tusizunguke mbuyu, alimchukia kabisa. Alipanda baiskeli mashavu yakiwa yamejaa, akafika shuleni hana hamu ya kusalimia mtu. Kilichomkera zaidi ni kwamba alijua mikate ile haikutakiwa kuwa pale.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yake alipougua, maji yalizidi unga. Tanuri kubwa la gesi lilikuwa limenunuliwa kwa mkopo, hospitali ilitaka pesa zake, na mama akawa anakopa huku ili azibe kule. Baba alipofariki, wadai walijaa mlangoni kuliko waliokuja kuhani. Ndipo mama alipokwenda mahakamani kuomba mpango wa kulipa madeni kidogo kidogo, na mahakama ikamteua mwanamke mmoja awe msimamizi. Kila mwezi mama angemkabidhi msimamizi pesa, naye angewagawia wadai.

Msimamizi huyo hakuwa mtu wa kucheka. Siku ya kwanza aliwakusanya wadai palepale kwenye chumba cha kuokea: mwenye duka la unga, mwenye gesi, ofisa wa mikopo mwenye viatu vinavyong'aa, na Mkandaji, ambaye alikuwa hajalipwa mishahara yake ya muda mrefu. Wote walisimama wamenuna. Msimamizi akaomba donge la unga na kisu.

"Tuseme hili ndilo pato la mwezi," alisema. Alikata kipande kikubwa. "Hiki ni cha tanuri. Tanuri lenyewe limewekwa rehani. Rejesho lisipotimia, wenye mkopo watalibeba. Tanuri likiondoka hakuna mkate, na mkate usipokuwepo hakuna wa kulipwa."

Ofisa wa mikopo aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesifiwa.

Msimamizi alikata kipande cha pili. "Hiki ni cha mishahara ya mfanyakazi na kodi ya serikali. Hawa wako mbele ya wengine na watalipwa chote wanachodai, hawapunguziwi kitu."

Mkandaji akashusha pumzi. Mezani kilibaki kipande kisichozidi ngumi ya mtoto.

"Na hiki ni cha madeni ya kawaida, yale yasiyo na rehani. Unga, gesi, na yeyote aliyekopesha kwa mdomo tu. Mtagawana kwa kadiri ya kile kila mmoja anachodai. Miaka mitatu ikiisha na mama huyu hajakosa, kitakachobaki kitafutwa."

"Kitafutwa?" Mwenye duka la unga alipaza sauti. "Mifuko yangu yote iliyoliwa, ifutwe kama vumbi la mezani?"

"Ndiyo sheria."

"Sheria hii imetungwa na mtu asiyeuza unga!" Alikiokota kile kipande, akakibonyeza kikawa bapa, akakirudisha. "Haya. Nitakwenda kuiokea familia yangu hicho."

Msimamizi hakumjali. Alimgeukia mama. "Una mdai mwingine? Fikiri vizuri. Asiyetajwa hafungwi na mpango huu. Anaweza kuja kukugongea mlango apendavyo, na deni lake halitafutwa. Na ukimlipa mtu yeyote kwa siri, utakuwa umewapunja wengine wote. Mpango utavunjwa."

"Hakuna mwingine," alisema mama. "Ndio hawa tu."

Hamira aliinua macho. Mama alimtazama mara moja tu, na jicho lile lilitosha. Wageni walipoondoka, mtoto hakuweza kujizuia.

"Mama, na shangazi je?"

"Ndugu haandikwi mahakamani!" mama alifoka. "Nikimtaja wifi yangu mbele ya hakimu, ukoo mzima wa baba yako utasema nimemshtaki. Tutamlipa kimyakimya mpaka aridhike. Na wewe mdomo wako uufunge."

Basi Hamira akaufunga, na ikawa mikate kumi kila siku.

Lakini shangazi hakuwa na meno ya kula mikate kumi. Aliiuza dirishani kwake, tena kwa bei ya chini kuliko ya madukani, maana yeye hakununua unga wala gesi. Watu si wajinga. Walianza kupita madukani bila kugeuza shingo, moja kwa moja hadi dirishani kwa shangazi. Wenye maduka nao wakaanza kupunguza oda. Aliyechukua ishirini akachukua kumi na tano, na mmoja akasema hataki tena. Fikirieni wenyewe: mama alikuwa anaoka mikate inayoua biashara yake, halafu anaipeleka kwa baiskeli yake mwenyewe.

Rejesho la tanuri likapungua, na mwezi uliofuata likapungua zaidi. Ofisa wa mikopo akaja na viatu vyake, na safari hii hakusema habari ya pesa. Alitoa utepe wa kupimia, akapima upana wa tanuri, kisha akapima upana wa mlango.

"Litapita," alimwambia mama. "Mwisho wa mwezi nakuja na lori."

Mkandaji aliliangusha donge alilokuwa analikanda. "Na mishahara yangu itatoka wapi?" aliuliza. Alimuuliza mama, si ofisa, na hakuuliza kwa upole. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walikanda unga mmoja kwenye meza moja bila kusemezana.

Wiki ile Hamira alitumwa kununua mfuko wa unga. Siku hizi waliuziwa kwa pesa taslimu tu, na hata pesa yenyewe mwenye duka aliipokea kwa ncha za vidole. Safari hii hakuipokea kabisa. Alitoa mkate chini ya meza akaubwaga mbele ya Hamira.

"Huu ni wa nani?"

Michanjo mitatu. Hamira aliichanja mwenyewe, na mmoja ulikuwa umepinda kidogo kwa sababu asubuhi ile alikuwa na usingizi.

"Sijui," alisema.

"Hujui? Mke wangu kaununua dirishani kwa shangazi yako. Kwa nini shangazi yako anauza mkate wenu kwa bei ambayo hata mimi nikiwapa unga bure hamwezi kuuza?"

"Labda... labda mtu mwingine anachanja mara tatu."

Mwenye duka alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Unadanganya vibaya, mtoto. Afadhali ungejifunza kwa mama yako. Mimi nangoja vijipande vyangu kila mwezi, kumbe mikate inapitia mlango wa nyuma! Nitamwambia msimamizi. Chukua unga wako uende."

Hamira alirudi nyumbani, na hakumweleza mama. Alijiona ana akili. Tatizo, alijiambia, ni alama. Bila alama, mkate ni mkate tu, nani atajua umetoka wapi? Kesho yake asubuhi, mama alipogeuka, aliyapitisha madonge kumi ya shangazi bila kuyagusa kwa wembe.

Kila mwoka anajua, na Hamira alikuwa bado hajajua, kwamba kuchanja si pambo. Ndani ya tanuri mkate unaendelea kuumuka, na mvuke unatafuta njia ya kutokea. Ukiuchanja, unafunguka pale ulipochanja. Usipouchanja, unapasuka unapotaka wenyewe. Trei ilipotoka, mikate ile kumi ilikuwa vituko vitupu. Mmoja umefumuka ubavuni, mwingine umetoa nundu, mwingine umepasuka chini hadi hausimami. Hamira aliifunika kwa kitambaa na kuondoka nayo mbio. Kwa bahati shangazi alikuwa bafuni, naye Hamira akaiacha mlangoni.

Hakukawia kuona cha mtema kuni. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Aliporudi alimkuta msimamizi amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mwenye duka la unga amesimama nyuma yake akiwa amekunja mikono, na mama anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wifi yako anayo mikate yenu," mwenye duka alikuwa anasema.

"Ananunua kama wateja wengine," alijibu mama. "Kununua mkate kumekuwa dhambi?"

"Anaununua halafu anauuza kwa hasara? Huyo mteja au malaika?"

Kabla mama hajajibu, sauti ilisikika kutoka nje, na mtaa mzima uliisikia. "Wifi! Wifi, toka!" Shangazi aliingia amebeba mikate kwenye khanga, akaimwaga mezani. Mmoja ulibingirika hadi kwenye miguu ya msimamizi.

"Ndiyo malipo haya? Kiwanja changu kizima, mnanilipa kwa mikate iliyopasuka? Nani atanunua uchafu huu? Mngesema tu kwamba mmechoka kunilipa!"

Mkandaji aliacha kukanda. Mwenye duka la unga alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Msimamizi aliuokota ule mkate miguuni pake, akaugeuza, akautazama ubavu wake uliofumuka.

"Malipo ya nini, mama?" alimuuliza shangazi.

Shangazi alitambua kwamba kuna wageni, akafunga mdomo. Mama akadakia haraka. "Wifi yangu ana hasira tu. Amenunua mikate, haikumridhisha, nitamrudishia pesa zake." Kisha akamtazama mwanawe kwa jicho lile lile. "Si ndiyo, Hamira? Wewe ndiye uliyempelekea. Si alikulipa?"

Wote walimgeukia. Hamira alilitazama tanuri. Akisema ndiyo, labda litabaki. Akisema hapana, mpango utavunjwa, lori litakuja, na itakuwa ni yeye aliyeliita. Mashavu yake yalijaa, lakini safari hii hakukuwa na hasira ndani yake, alikuwa na hofu tu. Alifikiria wembe. Alifikiria jinsi alivyoficha michanjo mitatu, na mkate ukajipasulia mwenyewe mahali pabaya zaidi.

"Hakunilipa," alisema. "Shangazi hajawahi kunilipa. Anatudai. Tunampelekea kumi kila siku ili asiseme. Na huyu baba wa unga aliniuliza, nikamdanganya. Leo sikuichanja ili isijulikane."

Mama alimnyanyulia mkono. Haukufika. Mkandaji aliushika ukiwa hewani, akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto amesema kweli. Kama ni kupiga, tuanze na sisi wakubwa."

Siku zilizofuata mama hakuzungumza na Hamira ila kwa amri. Lete maji. Funga mlango. Shangazi alitangaza mtaani kwamba wifi yake amemdhalilisha. Wiki moja baadaye waliitwa mbele ya hakimu, nao wakakaa kwenye benchi moja, kila mtu akimpa mwenzake mgongo.

"Naomba mpango uvunjwe," alisema mwenye duka la unga. "Wametuibia."

Hakimu alimgeukia msimamizi. "Ukivunjwa, itakuwaje?"

"Ofisa wa mikopo atachukua tanuri leo hii," alijibu msimamizi. "Likiuzwa, pesa yote inamaliza mkopo wake. Trei na baiskeli zitalipa sehemu ya mishahara na kodi."

"Na huyu bwana wa unga?"

"Huyu hapati kitu."

Ungeweza kumwona mwenye duka anapiga hesabu usoni. "Hata kile kipande nilichokibonyeza?" aliuliza.

"Hata hicho."

Alinuna kama mtu aliyemeza dawa chungu. "Basi uendelee," alisema mwishowe. "Si kwa kuwapenda. Niandikwe hivyo, kwamba si kwa kuwapenda."

Hakimu aliuacha mpango uendelee, lakini si kwa maneno laini. Alimkaripia mama mbele ya watu wote hadi akainamisha kichwa. Shangazi aliandikwa kati ya wadai wa kawaida, na mikate yote aliyokwisha kuchukua ikahesabiwa kuwa malipo, kwa bei ya dukani. Asingepata senti hadi wenzake nao wamfikie kwa kiasi kilicholipwa. Tena alikatazwa kwenda kudai mlangoni, sawa na wengine. Tanuri lilipewa mwezi mmoja wa kufidia kilichopungua, na rejesho lisipotimia tena, lori lisingengoja hakimu.

"Kwa hiyo mimi na muuza unga ni sawa?" shangazi aliuliza. "Mimi damu?"

"Deni lako halina rehani, nalo la bwana huyu halina," alisema hakimu. "Mbele ya mpango huu mko sawa."

Mikate kumi ilirudi kwenye kreti ya madukani. Hamira aliipitisha kwenye maduka yaliyowakimbia, akipokea maneno makali kwanza na oda baadaye. Mkandaji alianza tena kusema na mama, ingawa mwanzoni ilikuwa ni kumwambia tu kwamba unga haujaumuka. Mwezi ulipoisha, ofisa wa mikopo alikuja na lori lake. Msimamizi alimwonyesha mlangoni risiti ya rejesho lililotimia. Aliisoma mara mbili, akatia utepe wake mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile mama alimwita Hamira mezani. Kulikuwa na donge moja lililobaki.

"Lichanje," alisema.

Hamira alilichanja mara tatu.

"Nilikukasirikia sana," alisema mama. "Nilitaka kukupiga kwa kosa langu mimi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilidhani wanasema habari za wagonjwa tu. Nilimficha wifi yangu nikidhani namheshimu. Kumbe ningemtaja siku ile ya kwanza, asingetugongea mlango hata mara moja, na tanuri lisingepimwa kwa utepe. Kila deni lina mahali pake, mwanangu. La rehani lina mahali pake, la jasho la mtu lina pake, la ndugu nalo lina pake. Ukilitaja linakaa hapo. Ukilificha linachagua lenyewe pa kutokea, sawa na mikate yako ile. Usije ukamdanganya mtu kwa ajili yangu tena, hata nikikuamrisha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na mwenye duka la unga?"

Hamira alivimbisha midomo. "Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema radhi haikandi mkate."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu matanga.

Kesho yake asubuhi, wakiwa wanapanga mikate, kivuli kilisimama mlangoni. Alikuwa shangazi. Hakuvuka kizingiti, maana alikuwa amekatazwa kudai pale. Alikuwa ameshika sarafu mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Uso wake ulikuwa umekunjamana vilevile. Alinyoosha mkono, akaiweka sarafu kwenye kiganja cha Hamira kwa nguvu, kana kwamba anampiga. "Nataka mmoja. Na uwe umechanjwa."